Kuugua ghafla na wahka wa mtihani: maswali ya watahiniwa na wazazi wa Mombasa

Maswali haya ni yale ambayo wazazi na watahiniwa huyaleta mara kwa mara katika chumba cha ushauri nasaha cha shule moja ya kisiwani, hasa kuanzia Oktoba, mitihani ya vitendo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, inapoanza, hadi karatasi za mwisho za Novemba. Anayejibu alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mwalimu, kwa hivyo majibu yana mkono wa pande zote mbili. Hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wake.

Moyo hunienda mbio, mikono hutetemeka, na mambo niliyoyasoma hunipotea. Je, ninaumwa?

Yaelekea huumwi. Mwili unapohisi kwamba jambo zito linakuja, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, na homoni hiyo huuharakisha moyo, huzidisha pumzi na kuielekeza damu kwenye misuli, kana kwamba unajiandaa kumkimbia mbwa na wala si kujibu swali la logarithimu. Jasho, mikono baridi, koo kavu na haja ndogo isiyokwisha vyote hutoka hapo. Ganzi ya vidole na kizunguzungu, ambavyo ndivyo huwatisha wengi zaidi, huletwa na kupumua haraka kupita kiasi: hewa ya kabonidioksidi hupungua katika damu, mishipa ya ubongo hujibana kidogo, na mtu huona kwamba anakosa hewa ilhali anayo tele. Kadiri anavyojitahidi kuvuta nyingine ndivyo kizunguzungu kinavyozidi.

Wahka kidogo haudhuru. Wengi hufanya vizuri zaidi nao kuliko bila ya huo. Kinachowaangusha watahiniwa ninaowaona ni kuuogopa wahka wenyewe, yaani kuanza kujiuliza kama moyo utasimama, kama utaanguka mbele ya wenzako, kama msimamizi ataona. Kiwewe hata kikiwa kikali hufikia kilele chake kwa muda wa dakika kama 10, kisha huanza kushuka chenyewe. Karatasi ya Hisabati ya KCSE ni ya saa mbili na nusu. Ukipoteza dakika hizo 10 zote, bado unazo 140.

Nifanye nini kiwewe kikinishika karatasi ikiwa tayari mbele yangu?

Weka kalamu chini. Toa pumzi yote kwanza, kwa sababu aliyejaa hewa hawezi kuvuta nyingine, kisha vuta kwa pua ukihesabu polepole hadi nne na utoe kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Endelea hivyo kwa dakika mbili au tatu, nyayo zikiwa zimekaa sawasawa sakafuni na mabega yakiwa yameshushwa. Usipumulie ndani ya mfuko wa karatasi kama watu wanavyoshauriana, kwa sababu mwenye pumu au mwenye shida ya moyo anaweza kudhurika. Pumzi ikishatulia, usirudi kwenye swali lililokukwamisha. Tafuta lolote unalolijua, hata likiwa la mwisho, uliandike, kwani mkono ukishaanza kuandika akili huufuata.

Ikishindikana, inua mkono na useme waziwazi kwamba unahitaji kutoka nje kidogo. Utasindikizwa, na saa haitakungoja, lakini dakika tano za upepo barazani ni bora kuliko nusu saa ya kuikodolea macho karatasi. Kupumua huku kufanyie mazoezi kila usiku wiki tatu kabla ya mtihani, ili siku yenyewe isiwe ndiyo ya kwanza.

Nitatambuaje kwamba huu si wahka bali ni ugonjwa?

Wahka huja na kuondoka, na kwa kawaida hupungua mtu anapotulizwa au karatasi inapomalizika. Homa si wahka. Kutapika kunakoendelea usiku kucha si wahka. Maumivu ya tumbo yaliyoanza kwenye kitovu kisha yakahamia chini upande wa kulia, na yanayozidi mtu anapotembea au kukohoa, yanaweza kuwa ya kidole tumbo, na hayo hayasubiri karatasi ya mchana. Vivyo hivyo kuumwa na kichwa pamoja na shingo kukakamaa, kukoroma kwa kifua kusikotulizwa na dawa, maumivu ya kifua kwa mwenye selimundu (sikoseli), na kuchanganyikiwa kwa namna yoyote. Katika hali hizo mtihani huachwa na gari hutafutwa.

Tumbo huniendesha kila asubuhi ya mtihani. Nile nini, na nisile nini?

Utumbo una mishipa ya fahamu mingi inayozungumza na ubongo, ndiyo maana hofu huanzia tumboni kwa watu wengi. Ukiwa na tumbo la namna hiyo, mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kizuri cha siku nyingine. Nasema hivyo kwa masikitiko, lakini mafuta na nazi hukaa tumboni kwa muda mrefu. Uji mwepesi, mkate mkavu na chai isiyokolea, ndizi mbivu au kiazi kitamu cha kuchemsha vinatosha, na vyema viliwe saa moja na nusu hivi kabla ya kuingia. Usikae na njaa kwa kuogopa tumbo. Wengi wanaozirai asubuhi ni wale ambao hawakutia kitu mdomoni tangu jana jioni.

Viazi karai, bajia, achari na maji ya ukwaju ya kando ya barabara viachwe kwa wiki hizo, si kwa kuwa ni vibaya, bali kwa kuwa hujui yale maji yametoka kisima gani. Novemba ni msimu wa mvua za vuli, na mitaa mingi ya Mombasa ambayo hutegemea visima na wauza maji kwa mikokoteni hupata maji yaliyochanganyika na uchafu.

Ukishaanza kuharisha kweli, jambo la kwanza ni kurudisha maji mwilini. Pakiti za chumvichumvi za zahanati ndizo bora; zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kwa vijiko vilivyosawazishwa. Kunywa kidogokidogo. Dawa ya kufunga tumbo isitumiwe ikiwa kuna homa au damu katika choo. Kuharisha maji matupu kama ya mchele ni hatari ya kipindupindu na kunataka hospitali papo hapo. Kama tumbo ni la wahka tu, mweleze msimamizi mapema ili upewe kiti cha karibu na mlango, usije ukapita mbele ya chumba kizima mara nne.

Mtoto wangu ana pumu (au selimundu, kifafa, kisukari). Nani aambiwe, na lini?

Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe kuliko mahali pengine popote. Katika chumba cha mtihani wanakaa wasimamizi waliotoka shule nyingine, na askari mlangoni, na hakuna hata mmoja wao anayemjua mwanao. Walichokijua kabla ya saa mbili asubuhi ndicho watakachokitumia akianguka saa tatu. Niliwahi kumhudumia msichana aliyeficha pumu yake miaka minne kwa kuona haya; siku ya karatasi ya Kemia dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya begi, begi likiwa nje pamoja na mabegi mengine 60, na aliyetumwa kulitafuta hakujua ni la rangi gani.

Basi mwone mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha muhula wa kwanza, mwende na barua ya daktari inayotaja ugonjwa, dawa, na la kufanya dharura ikitokea. Hali zinazohitaji mpango maalumu, kama vile muda wa ziada, maandishi makubwa au mtu wa kumwandikia majibu, huombwa kupitia shule kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya, KNEC, wakati wa kujiandikisha. Ukilikumbuka jambo hilo mwezi wa Oktoba umechelewa. Kisha asubuhi ya kila karatasi, mwalimu amkumbushe msimamizi mkuu, kwani wasimamizi wanaweza kubadilishwa.

Kwa kila ugonjwa kuna la kuzingatia. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta juu ya meza kwa idhini ya msimamizi. Pumu ikimbana, akae wima, avute mara moja kila nusu dakika hadi dakika moja, mpaka mara 10, na asipopata nafuu apelekwe hospitali. Mwenye selimundu hudhurika akikosa maji mwilini, akipigwa na baridi au akiwa na msongo, kwa hivyo chupa ya maji isiyo na maandishi iwe karibu, asikae chini ya feni, na asiende na nguo zilizolowa mvua. Mwenye kisukari anayetumia insulini awe na sukari au juisi: akianza kutetemeka, kutoka jasho na kusema ovyo, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na asipewe kitu mdomoni akiwa hajitambui. Mwenye kifafa asiruke hata dozi moja wiki ya mtihani, na alale, kwa sababu kukesha huchochea kifafa kwa wengi.

Mwenzetu akianguka ndani ya chumba, tufanye nini?

Aliyezirai alazwe chali, miguu iinuliwe, vifungo vya shingoni vilegezwe, na watu wampishe apate hewa. Kwa kawaida huzinduka kabla ya dakika moja kupita. Asisimamishwe kwa haraka. Ukihisi wewe mwenyewe unataka kuzirai, kunja miguu iwe mmoja juu ya mwingine, kaza misuli ya mapaja na ngumi kwa sekunde chache, ulegeze, ukaze tena.

Anayetupwa na kifafa asishikwe kwa nguvu. Ondoeni madawati, mwekeeni sweta chini ya kichwa, mtazame saa, na degedege ikikoma mgeuzeni alale kwa ubavu. Asitiwe kijiko wala kitambaa mdomoni, wala asinusishwe kiatu au kitunguu, ingawa najua atatokea mtu atakayevua kiatu. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, ni safari ya hospitali. Wanaotokwa na damu puani, ambao joto huwaongeza, wainamishe kichwa mbele na wala si nyuma, na waibane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia.

Akilazwa hospitalini, mtihani umekwisha?

Haujaisha. Kila mwaka nchini Kenya kuna watahiniwa wanaofanyia KCSE kitandani, wakiwamo waliojifungua usiku wa kuamkia karatasi. Mzazi humwarifu mwalimu mkuu mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane; mwalimu mkuu huwasiliana na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na KNEC, na karatasi huletwa wodini pamoja na msimamizi na askari, kwa saa zilezile za wenzake. Ndiyo sababu haifai kungoja hadi asubuhi kuona kama atapata nafuu. Daktari ndiye anayeamua kama mgonjwa anaweza kukaa na kuandika, na akisema hapana, usibishane naye.

Karatasi iliyokosekana kabisa hairudiwi siku nyingine, maana hufunguliwa kwa wakati mmoja nchi nzima. Chukua barua ya hospitali yenye muhuri, tarehe na saa, umpe mwalimu mkuu siku hiyohiyo, weka nakala, na uache shule iwasiliane na baraza.

Ana homa siku mbili kabla ya mtihani. Tumpe dawa ya malaria tu?

Apimwe kwanza. Si kila homa ya Mombasa ni malaria: kidingapopo (dengi) kililipuka hapa mwaka wa 2013 na tena 2017, na mwishoni mwa 2017 kikaja chikungunya, iliyowaacha watu na viungo visivyokunjika kwa wiki kadhaa. Mbu wa maradhi hayo huuma mchana na huzaliana katika mapipa na madumu yaliyo wazi ndani ya nyumba. Mpaka ijulikane ni nini, ateremshiwe homa kwa parasetamoli, asipewe asprini wala ibuprofeni, kwa kuwa zikikutana na kidingapopo huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Hedhi hunijia na maumivu makali. Je, nitaweza kuandika?

Utaweza, ukijipanga. Hesabu siku zako mapema. Ukijua zinaangukia mtihani, mwone muuguzi kabla. Ibuprofeni, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala pumu inayochokozwa nayo, hufanya kazi vyema ikinywewa baada ya chakula maumivu yanapoanza tu, na wala si yanapokuwa yamekuzidi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa tumboni husaidia usiku. Sodo za akiba ziwe mfukoni, si begini. Msimamizi akiwa mwanamume usione haya. Sema tu kwamba unahitaji kwenda msalani. Maumivu yanayokulaza kila mwezi si ya kawaida, na yanahitaji daktari baada ya mtihani.

Kuna kidonge cha kuondoa wahka? Na vipi kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu au muguka wa kukeshea?

Kuna vijana wanaochukua vidonge vya presha vya baba au vya nyanya baada ya kusikia kwamba vinazuia moyo kwenda mbio. Propranololi, ambayo ndiyo husemwa sana, inaweza kumbana pumzi mwenye pumu hadi kumuua, na kwa wengine hushusha presha wakaanguka. Vidonge vya usingizi navyo huacha kichwa kizito hadi adhuhuri. Dawa ya mtu mwingine isinywewe.

Muguka na miraa, mimea ya kutafunwa, hufukuza usingizi, ni kweli, lakini huuharakisha moyo na kukata hamu ya chakula, na zikiondoka humwacha mtu mchovu na mwenye huzuni. Kwa mwenye wahka ni kumwaga petroli motoni. Amri ya kaunti ya Mei 2024 ya kupiga marufuku muguka ilisimamishwa na mahakama siku chache baadaye, kwa hivyo mzazi asitegemee kwamba haupatikani mtaani. Kikombe kimoja cha kahawa kwa aliyeizoea hakina neno, ila kahawa tungu ya jioni barazani ina uwezo wa kukuweka macho hadi saa nane za usiku. Kijana anahitaji saa nane hadi 10 za usingizi, na usiku wa mwisho hausomeshi mtu kitabu kizima.

Watu wanasema ni kijicho, au jini. Tumpeleke kwa mwalimu wa kisomo?

Sitamcheka mtu yeyote kwa swali hili, kwa sababu nimeona jinsi dua ya mama na mkono wake kichwani unavyomtuliza mtoto kuliko maneno yangu yote. Kisomo kifanywe. Anayetaka kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, anywe, mradi maji yawe safi na sahani iwe safi. Ninachoomba ni mambo mawili: dawa za hospitali zisisimamishwe kwa sababu ya kisomo, na mtoto asifukizwe moshi mzito akiwa na pumu. Aliyeanguka degedege apimwe pia, hata kama ameshasomewa.

Katika shule za bweni hutokea wasichana wengi wakapiga mayowe na kuanguka kwa zamu. Hiyo ni hofu inayoambukizana kwa macho na masikio, na wanaoipata hawaigizi. Watenganishwe, wapelekwe mahali patulivu, waongeleshwe kwa sauti ya chini, na watazamaji waondolewe.

Amezoea kufunga Jumatatu na Alhamisi. Aendelee wiki za mtihani?

Watahiniwa wa KCSE ya 2020, iliyosogezwa hadi Machi na Aprili 2021, walimalizia karatasi zao ndani ya Ramadhani, na wengi walifanya vizuri kwa kula daku ya maana na kunywa maji ya kutosha usiku. Mwenye afya anaweza. Lakini funga za Jumatatu na Alhamisi ni sunna, na mwenye kisukari, selimundu, vidonda vya tumbo au historia ya kuzirai aongee na ustadhi wake pamoja na daktari kabla ya kujifunga.

Tunakaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa. Wahka wangu huanzia kwenye feri.

Na una haki. Feri ikikwama, foleni ya Likoni inaweza kumtoa jasho hata asiye na mtihani. Vuka mapema kuliko unavyodhani inahitajika, au lala kwa jamaa kisiwani usiku wa karatasi ngumu. Usisome daftari ndani ya tuktuk. Joto na mtikisiko huleta kichefuchefu.

Mwanangu anasema afadhali afe kuliko kufeli. Ni maneno tu?

Yachukulie kuwa kweli. Muulize moja kwa moja kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupata faraja kwamba hatimaye mtu ameuliza. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu zilizo nyumbani, na umtafutie msaada siku hiyohiyo katika hospitali iliyo karibu. Simu ya 116 ya watoto na ile ya 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Familia nyingine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Kisha ukumbuke ni maneno gani ya nyumbani yaliyomfikisha hapo, kwa mfano kulinganishwa na binamu yake kila jioni mezani.

Ameamka na macho mekundu. Atazuiwa kuingia?

Hapaswi kukosa mtihani kwa hilo. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalienea Mombasa nzima. Aarifu shule ili akalishwe pembeni, anawe mikono, asitumie taulo la wenzake, na asitiwe maziwa ya mama wala dawa ya matone iliyobaki ya jirani. Akiona ukungu au akiumizwa sana na mwanga, amwone daktari wa macho.

Baina ya karatasi ya asubuhi na ya mchana nifanye nini?

Usisimame na kundi linalolinganisha majibu chini ya mwarobaini. Nawa uso, nenda msalani, kula kitu chepesi, kunywa maji, na utafute kivuli chenye upepo ulale dakika 20 bila kufungua daftari. Mwambie rafiki akuamshe, asije akakusahau.